Nilikunywa Maji Jinja

Jumapili, mwezi kumi na nane Ramadhani. Nateete.

Manyunyu tangu saa sita mchana. Si mvua ya kumzuia mtu kutoka, ila imelipoza jua lote, na mimi nimelala chali kitandani nikiisikiliza inavyopapasa mabati. Adhuhuri nimeshaswali, Alasiri bado. Saa hizi za mfungo nazipenda kuliko zote. Mwili umeacha kudai, akili inaelea tu, inakwenda itakako. Leo inataka kwenda Jinja. Nimeikataza, haisikii.

Acha niandike sasa hivi kabla sijaanza kujipamba. Nikichelewa siku mbili tatu nitajikuta nimejiandika mtu mwema kuliko nilivyokuwa. Najijua.

Jana nilikunywa maji mchana.

Haya. Limeshatoka.

Kama umeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Zuhura, mwanafunzi wa mwaka wa pili, chuo kile cha mlimani juu ya Wandegeya. Nacheza netiboli. Mimi ndiye mlinzi wa goli, yule anayemsimamia mtupaji wa timu nyingine mikono juu mpaka ajute kuzaliwa. Nina urefu ambao shangazi zangu wanausikitikia kila kwenye harusi. Baba ana duka la vitambaa hapa Nateete, na jioni anasomesha watoto wa mtaa Kurani kwenye chumba cha nyuma. Nyumbani tunasema Kiswahili, maana babu yake Baba alikuja huku na bidhaa kutoka pwani, akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa. Majirani wanatuita Waswahili mpaka leo, na Baba anapenda wanavyotuita hivyo ingawa hajawahi kuiona bahari.

Mpira nilianza kwa kukamatwa. Wiki ya kwanza chuoni nilikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha, nikaona mkono umenishika begani. Mwanamke mnene, filimbi shingoni. "Wewe mrefu, hebu kuja hapa. Unacheza nini?" Nikamwambia sichezi kitu. "Kuanzia leo unacheza." Huyo ni Kocha Akinyi, Mkenya, aliyekuja Kampala kwa kazi ya mwaka mmoja na sasa huu ni wa kumi na ngapi sijui. Kiswahili chake na changu vilikutana pale kwenye foleni vikapatana, na mimi nikachukuliwa.

Sikujua kama mwili wangu una raha ndani yake. Nasema kweli. Niliudhani ni wa kubebea vitabu na majora ya vitambaa. Siku ya kwanza niliporuka nikaugusa mpira hewani kabla haujafika kwenye pete, nilitua nikacheka peke yangu, na wenzangu wakadhani nimeumia.

Lakini kucheza ni jambo moja na kupata nafasi ya kucheza ni jambo jingine. Ukitaka kujua nani anacheza chuoni kwetu, usiulize nani ana nguvu. Uliza nani analala Wandegeya. Mazoezi ni saa kumi na moja jioni. Wenye hosteli wanamaliza, wanaoga, wanakwenda kutafuta rolex, chapati ya kuviringishiwa mayai mawili, wanalala. Sisi tunaolala makwetu kwa sababu hosteli ni gharama, saa kumi na moja ndiyo tunahitajika kwingine. Mimi nahitajika dukani, jioni ndiyo wateja. Wako wasichana wa Kiislamu wawili darasani kwangu ambao wangetushinda wote mbio, nimewaona wakikimbilia usafiri. Mmoja anasomesha watoto wa watu nyumba kwa nyumba, mwingine anamlea mdogo wake. Mimi nilikuwa naiba. Nafanya nusu ya mazoezi, nanawa uso kwenye bomba la uwanjani, nashuka mbio, nafika dukani natoa kisingizio cha maktaba.

Na nguo nayo ilikuwa kesi. Timu inavaa visketi. Mimi navaa suruali pana na mikono mirefu, na hijabu niliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha fulana kutoka dukani kwa Baba, ya kuvutwa kichwani tu bila pini. Refa mmoja aliwahi kunizunguka mara mbili kama anayetafuta silaha. Kwa upande wa pili, dada mmoja wa jumuiya yetu ya wanafunzi Waislamu aliniuliza kwa upole kabisa kama nimekosa la kufanya na ujana wangu. Yule refa nilimsahau siku ile ile. Dada huyu bado ananiuma.

Mwezi wa Shaabani nikachoka kuiba. Kocha alikuwa ametangaza mechi ya ugenini Jinja, Jumamosi, na hiyo Jumamosi ilikuwa inaangukia katikati ya Ramadhani. Waliopanga ratiba hawafungi, hawakuwa na ubaya. Nikamwendea Baba dukani nikamwambia yote, maktaba na kila kitu. Nilitegemea ngurumo.

Baba hakunguruma. Alikata kitambaa chake mpaka mwisho, akaweka mkasi, akaniwekea sharti. "Nenda. Lakini ucheze umefunga, na swala isikupite. Ukirudi na vyote viwili sitakuuliza tena habari ya mpira. Ukirudi na kimoja, tumemaliza."

Mama alikuwa amekaa pale mlangoni. Alimwangalia Baba kwa jicho ambalo sikulielewa. Mimi sikuwa na muda wa kuelewa macho ya watu, nilikuwa juu ya mawingu. Kufunga? Nafunga tangu nina miaka tisa! Nikaona nimepewa bure.

Sasa, jana.

Daku tulikula wote. Baba alinisindikiza mpaka steji giza bado halijatoka vizuri, akaniombea dua, akarudi. Saa moja asubuhi basi la chuo likatoka langoni na sisi kumi na wawili ndani. Nilikaa dirishani. Nafunga, nimelala usingizi nusu, barabara inapita, na ndani ya kichwa changu mechi imeshachezwa mara tatu na mara zote nimeshinda. Katika moja ya ndoto hizo Baba alikuwa amekaa pembeni ya uwanja kwenye kiti cha dukani, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Nilijiona mrefu kuliko nilivyo. Basi liliposimama Namawojjolo harufu ya kuku wa kuchoma ikaingia madirishani, wale wauzaji wanavyokukimbilia na vijiti vyao, na bado sikutikisika. Nilikuwa mbali kabisa.

Pembeni yangu Hadija alinunua paja la kuku na gonja, ndizi ya kuchoma. Hadija ni Mwislamu mwenzangu, Mganda wa Masaka, anakaa hosteli. Nilimkodolea macho. "Banange, sisi tuko safari," akasema akitafuna. "Msafiri anakula." Alisema kwa amani kabisa, akafuta mikono, akalala. Nikamwambia mimi nina sharti na Baba. Akaitikia macho yamefumba.

Uwanja wa Jinja ni wa saruji. Jua lilikuwa linapiga chini linarudi juu. Mechi ilianza saa tano. Robo ya kwanza niliruka vizuri, robo ya pili pia, na ndoto yangu ilikuwa bado imenibeba. Robo ya tatu ikaniangusha kutoka juu huko. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukawa mzito. Mtupaji wao, msichana mwembamba mwenye utulivu wa kuudhi, akaanza kunipita. Nilikuwa nauona mpira, mkono wangu unachelewa. Sauti za watu zikawa zinatoka mbali. Filimbi ya mapumziko ilipolia tulikuwa nyuma kwa magoli manne, na yote manne nilikuwa nimeyaona kwa karibu.

Kocha Akinyi alinifuata na chupa. "Zuhura, kunywa. Mtoto wa wenyewe asinifie hapa, nitamwambia nini babako?" Nikatikisa kichwa. Akainua mikono, akaiweka chupa kwenye benchi karibu na goti langu, akaenda kuwasemesha wengine. Hakunilazimisha. Nataka hilo lieleweke.

Chupa ilikuwa pale. Na mimi, ambaye darasani kwa Baba nilikuwa nalala, ghafla nikawa mwanachuoni mkubwa. Nikaanza kupima barabara. Kutoka Kampala mpaka Jinja ni mwendo unaotosha safari, au unakaribia kutosha. Na kutoka Nateete je? Nateete ni upande wa pili wa mji, lazima tuongeze hapo! Nikaongeza. Nikaongeza na foleni ya magari, Mungu anisamehe. Nilipomaliza hesabu zangu nilikuwa msafiri, tena msafiri wa mbali sana.

Nikanywa.

Nilikunywa yote. Maji yalikuwa vuguvugu, yana harufu ya plastiki, na sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile tangu nizaliwe. Hili nalo naliandika, maana nikisema nilikunywa kwa majonzi nitakuwa nimeongeza uongo.

Robo ya nne yule msichana mtulivu hakupata kitu kwangu. Tulishinda kwa goli moja. Wenzangu walinirukia, Kocha alinibusu kichwani juu ya hijabu iliyolowa jasho.

Adhuhuri ilipoingia nilitandika kanga pembeni ya basi nikaswali. Niliswali rakaa mbili badala ya nne, na Alasiri nikaiunganisha hapo hapo, mbili nayo. Ukishajiita msafiri lazima uendelee mpaka mwisho. Hadija aliswali karibu yangu, mbili vilevile, na moyo wake umetulia. Nilimwonea wivu. Yeye hakuwa ameahidi mtu kitu.

Kurudi, watu waliimba mpaka Lugazi. Nilijifanya nimelala.

Nilifika nyumbani zimebaki dakika kama ishirini kabla ya magharibi. Na hapa ndipo mambo yaliponiharibikia kabisa. Mkeka ulikuwa umetandikwa, Mama amepika futari ya wageni: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, sambusa, maharage. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama juu mpaka chini.

"Mmeshinda?"

Tumeshinda, nikasema.

"Na swala?"

Nimeswali, Baba.

Kuhusu funga hakuniuliza. Alishaona midomo yangu, maana safari ya kurudi sikuthubutu kugusa maji tena na ilikuwa imepasuka. Akatabasamu. Baba ana tabasamu ambalo hulitoa mara chache sana, watoto anaowasomesha Kurani wanalipata wakihitimu juzuu.

Adhana ikalia. Baba akachukua sahani ya tende, na badala ya kuanza yeye kama siku zote, akanipa mimi ya kwanza. Mbele ya Mama, mbele ya mdogo wangu Mwanaidi. Wote wakanisubiri niseme dua. Nikaisema. Ewe Mola, kwa ajili yako nimefunga. Kwa sauti, maana walikuwa wananisikiliza.

Halafu Baba, tende mdomoni, akamwambia Mwanaidi kwamba na yeye akitaka kuingia timu ya shule yake aingie, maana dada yake ameonyesha inawezekana. Mwanaidi ana miaka kumi na minne na ameomba jambo hilo tangu ana kumi na miwili. Alipiga ukelele akamwaga uji. Nikacheka pamoja nao. Nilitamani kuingia chini ya mkeka.

Baada ya Tarawehe Baba alirudi amechangamka kama kijana. Aliwasimulia wenzake barazani pa msikiti: binti yangu amecheza Jinja, jua lile, na saumu yake kifuani. Yuko mzee mmoja mwenye duka la viatu ambaye kila siku humwambia kwamba mpira na watoto wa kike wa Kiislamu ni njia mbili zisizokutana. Baba alisema mzee huyo leo kanyamaza mwenyewe. Alilirudia hilo mara mbili.

Mtu akikudanganya unaweza kumkasirikia. Sasa mimi nimkasirikie nani? Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na cha mdogo wangu juu yake, na vyote vilikuwa vimesimama juu ya chupa moja ya maji. Nikawaza, Zuhura, nyamaza, utailipa siku hiyo kimya kimya baada ya Idi, nani atajua? Mwanaidi atacheza. Baba ana furaha. Kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Nililikumbatia mpaka asubuhi.

Asubuhi nikaenda kumsaidia Baba dukani. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Tulikuwa tunakunja jora la kitambaa cha sare za shule, yeye ameshika ncha moja mimi nyingine, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Baba alikuwa anaimba kasida kwa sauti ya chini. Mara ya nne tulipokutana nikasema, "Baba, jana nilikunywa maji."

Hakuacha kukunja. Alikuja na ncha yake mpaka kwangu, akaichukua na yangu, akaweka kitambaa mezani. Akauliza tulitoka saa ngapi. Saa moja, nikamwambia, na kwamba nilijihesabu msafiri mpaka nikaswali rakaa mbili mbili. Akasema alfajiri ilikuwa imeshapita zamani, nimeianza siku niko mjini kwangu na nimefunga, kwa hiyo safari haina la kunisaidia. Swala ile ni sahihi, akasema. Mfungo nimeuvunja.

Kisha akauliza, taratibu, kwa sauti yake ya kusomesha, kama nilikuwa katika hali ya kuanguka. Kama niliogopa kufa.

Alikuwa ananifungulia mlango. Niliuona kabisa ukifunguka. Neno moja tu nitoke.

"Hapana. Nilikuwa na kiu, na nilitaka kushinda."

Akaingia mwanamke anayetaka bitana nyeusi. Baba akampimia, akamuuliza hali ya watoto, akamkatia, akamfungia. Yule mama hakuwa na haraka. Mimi nilisimama pale nikitoa kwaheri zangu moja moja: kwaheri pete, kwaheri Kocha na filimbi yako, kwaheri kuruka. Ya Mwanaidi nilishindwa kuitamka hata moyoni.

Mteja alipotoka Baba alikaa. Alikuwa anautazama mkasi.

"Na mimi nilikuwekea sharti nikijua hutaliweza," akasema. "Mama yako alijua. Niliogopa kukukataza, nikataka jua la Jinja likukataze badala yangu. Halafu ukarudi, nikafurahi kuliko nilivyodhani, nikaenda kutangaza jambo nisilolijua."

Baba yangu hajawahi kukiri kosa mbele yangu maishani. Nikaanza kulia, kulia kwa kitoto, na kamasi juu.

Akasema leo Alasiri atawaambia wenzake ukweli. Nikamwomba asifanye hivyo. Nikamwambia akae kimya tu, watu watasahau, yule mzee wa viatu atapata la kusema mpaka Idi kubwa. Akanijibu kwamba maneno aliyasema yeye kwa mdomo wake, na mdomo huo huo ndio utakaoyarudisha.

Nje wakapita watu na matoke yao. Kisha akauliza, bila kuniangalia, mechi nyingine ni lini.

"Jumamosi. Hapa hapa, Nsambya."

"Nsambya si safari."

"Si safari, Baba."

"Basi utafunga."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimeruhusiwa. Nilimtazama nione kama anatania, lakini alikuwa ameshachukua jora jingine na kuninyooshea ncha. Nikaipokea. Nikakunja. Nikamuuliza: na nikishindwa?

"Ukishindwa kweli kweli utakunywa, utalipa siku yako, na utakuja kuniambia. Kama ulivyokuja leo."

Alasiri inaadhiniwa sasa hivi. Manyunyu hayajakatika. Namsikia Baba sebuleni anamuuliza Mama mwavuli uko wapi, na Mama anamwambia ulipo, na najua anakwenda kufanya nini. Angeweza kungoja kesho. Mimi nimebakiziwa mpira wangu, Mwanaidi amebakiziwa wake, na yeye anakanyaga matope ya Nateete kwenda kumwambia mwenye duka la viatu, mbele za watu, kwamba binti yake alikunywa maji.

Jumamosi nitasimama Nsambya, koo limekauka, robo ya tatu. Sijui kama nitaweza. Mpaka jana nisingethubutu kuliandika hilo. Nikishindwa, namjua wa kumwambia.